Shahada ya Uzamili ya Jinsia: Swali Kwanza, Chuo Baadaye

Shahada ya uzamili katika taaluma za jinsia ni masomo ya mwaka mmoja hadi miwili baada ya shahada ya kwanza. Mwanafunzi hujifunza kuchunguza jinsi jamii inavyogawa kazi, mali, madaraka na heshima kati ya wanawake na wanaume, nani hunufaika na mgawanyo huo, na ni nini huubadilisha. Wanaume wamo katika uchunguzi huo sawa na wanawake, na wapo wanaume wanaoyasoma na kuyafundisha masomo hayo. Wala si mafunzo ya uanaharakati, ingawa wanaharakati wengi wamepita katika madarasa hayo. Ugumu wa kuchagua unatokana na jina lenyewe, kwa sababu limebeba programu zisizofanana. Ipo inayofundishwa kama falsafa na fasihi, ipo inayofundishwa kama uchumi na sera ya maendeleo, na ipo inayoegemea sheria au afya. Watu wawili wanaweza kuwa na vyeti vya jina moja bila kuwa wamesoma hata kitabu kimoja cha pamoja.

Tofauti hizo zina historia. Mwaka 1970 chuo cha San Diego State huko California kilianzisha programu ya masomo ya wanawake ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza Marekani. Walioidai walikuwa wanafunzi na walimu wa kike, na lalamiko lao lilikuwa kwamba historia, fasihi na saikolojia za chuoni zilimchukua mwanamume kuwa ndiye binadamu na mwanamke kuwa nyongeza yake. Mwaka huohuo mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alichapisha kitabu *Woman's Role in Economic Development*. Boserup alionyesha kwamba katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara wanawake ndio waliobeba kilimo cha chakula, lakini mabwana shamba, tangu enzi za ukoloni, walipeleka mbegu, mafunzo na zana kwa wanaume. Mkondo wa San Diego ulizaa programu za nadharia, utamaduni na historia. Mkondo wa Boserup ulizaa programu za jinsia na maendeleo. Mikondo hiyo imechanganyikana baadaye, lakini ukisoma orodha ya kozi za chuo chochote bado utaona kimetokea upande gani.

Afrika Mashariki iliingia katika masomo haya hasa kupitia mkondo wa pili, na haikuingia mikono mitupu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanawake watafiti waliunda mwaka 1980 mradi wao wa utafiti na nyaraka kuhusu wanawake, na wasomi kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena waliandika juu ya kazi za wanawake vijijini, elimu na siasa wakati shahada ya jinsia ilikuwa bado haijulikani katika kanda hii. Mwaka 1985 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1990 kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5 katika udahili, na mwaka 1991 kikafungua idara ya masomo ya wanawake ambayo leo ni skuli kamili ya masomo ya wanawake na jinsia. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ukaanzishwa mwaka 1993.

Kisha ukaja mkutano wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Azimio la Beijing lilizitaka serikali kuzingatia jinsia katika kila sera na kila programu. Sharti hilo lilihitaji watu wa kulitekeleza: maofisa wa dawati la jinsia wizarani, washauri wa miradi, wakufunzi wa halmashauri. Vyuo viliitikia mahitaji hayo, na ndiyo maana programu nyingi za kanda hii zimejengwa kuelekea kazini kuliko kuelekea kwenye nadharia. Kwa mtu anayetaka kazi serikalini au katika shirika hilo ni jambo jema. Kwa anayetaka kuandika historia ya taarab au ya vazi la kanga, linaweza kuwa kikwazo.

Tofauti kati ya aina hizi za programu huonekana vizuri zaidi zinapotazama jambo moja. Kilimo cha mwani Zanzibar ni mfano unaofaa. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki mwa Unguja, vikiwemo Paje na Jambiani. Maji yanapokupwa, wakulima hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi ufukweni, na baada ya wiki kadhaa huvuna, huanika na kuuza. Mwani huo husafirishwa nje na kutoa kiungo kinachotumika katika vyakula na vipodozi. Wanaume walikuwamo mwanzoni, lakini bei ilipobaki chini wengi waligeukia uvuvi na utalii, na kilimo kikabaki mikononi mwa wanawake. Hupandwa aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri, nayo ndiyo iliyoanza kufa kwa wingi kadiri maji ya kina kifupi yalivyozidi kupata joto. Inaweza kustawi kwenye maji ya kina kirefu, ila huko kunahitajika chombo na kujua kuogelea, mambo mawili ambayo wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakuwa nayo.

Katika programu ya jinsia na maendeleo, mwanafunzi ataanza kwa kuhesabu. Nani anafunga mbegu, nani anaanika, nani anazungumza na mnunuzi, nani anaishika fedha, na siku ya mwanamke inabaki na saa ngapi baada ya maji, kuni na watoto. Atatenganisha mahitaji ya papo kwa papo, kama vile chombo cha kufikia kina kirefu, na maslahi ya muda mrefu, kama vile sauti katika kupanga bei. Tofauti hiyo ilielezwa na Maxine Molyneux mwaka 1985 na bado inafundishwa karibu kila mahali. Mwishowe mwanafunzi ataandika pendekezo: mafunzo ya kuogelea, ushirika, mashine ya kusaga mwani wa sabuni.

Katika programu ya nadharia na utamaduni, maswali yatakuwa mengine. Kwa nini bahari ya kina kirefu ilikuwa ya mwanamume na ufuo ukawa wa mwanamke? Fedha ya mwani ilibadilisha vipi mazungumzo ya mke na mume, mavazi, michango ya harusi, hadhi ya mwanamke aliyejenga nyumba yake mwenyewe? Wanaume walioacha mwani walijieleza vipi? Hapa mwanafunzi atakaa kijijini muda mrefu, atasikiliza hadithi za maisha na kusoma kumbukumbu za zamani. Hatoki na pendekezo la mradi. Anatoka na maelezo yanayoweza kumfanya mwenye mradi afikiri upya.

Programu ya sheria na haki itauliza nani ana haki juu ya ufuo pale hoteli inapojengwa mbele ya mashamba ya mwani, na ndoa ikivunjika nyumba iliyotokana na mwani ni ya nani. Itamlinganishia mwanafunzi mifumo: kwa Tanzania Bara, hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 iliyokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kwa Kenya, sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 iliyouandika mchango usio wa fedha ndani ya sheria yenyewe, kwa Zanzibar, mahakama za kadhi. Ikiwa msomaji wa maelezo haya ameona moja ya aina hizi tatu inampa hamu ya kuendelea na nyingine zinamchosha, sehemu kubwa ya uchaguzi wake imekwisha kufanyika.

Nadharia huwatisha waombaji wengi, hasa wanaotoka katika uhasibu, uuguzi au kilimo. Haiepukiki kabisa, hata katika programu ya vitendo zaidi, na mara nyingi ni rahisi kuielewa ikianzia kwenye kisa. Mfano mzuri ni makala ya mwaka 1989 ya mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw. Alichambua kesi ya wanawake weusi waliokuwa wafanyakazi wa kampuni ya General Motors. Kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake, lakini hao walikuwa weupe, wa kazi za ofisini. Ilikuwa pia ikiajiri weusi, lakini hao walikuwa wanaume, wa kazi za kiwandani. Mahakama ikaona kwamba hakuna ubaguzi wa jinsia, kwa kuwa wanawake walikuwa wakiajiriwa, na ikakataa kuunganisha jinsia na rangi katika dai moja. Waliokosekana walikuwa wale waliosimama mahali makundi mawili yanapokutana. Wazo hilo la makutano ya ukandamizaji sasa hutumika kuchambua hali ya mwanamke mkimbizi, mwenye ulemavu, mjane, au mfanyakazi wa ndani anayetoka Mombasa kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba.

Upande wa Afrika una mabishano yake, nayo ni makali. Mwaka 1987 Ifi Amadiume, msomi wa Nigeria, aliandika juu ya jamii ya Waigbo ambamo binti aliweza kupewa nafasi ya mwana wa kiume na mwanamke mwenye mali aliweza kuoa mke. Miaka kumi baadaye Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alikwenda mbali zaidi: alidai kwamba kwa Wayoruba wa kabla ya ukoloni umri ndio uliopanga watu, na kwamba kundi liitwalo wanawake, kwa maana ya Ulaya, liliingizwa na wakoloni. Wapo waliompinga kwa ushahidi wa lugha na dini za Kiyoruba zenyewe. Katika Uganda, Sylvia Tamale ameandika juu ya wanawake bungeni na, mwaka 2020, juu ya kuondoa ukoloni katika fikra za jinsia. Muhtasari wa kozi ya nadharia usio na hata mmoja wa wasomi hawa, au wenzao wa bara hili, unasema jambo kuhusu programu yenyewe. Mwombaji ana haki ya kuuomba muhtasari huo kabla ya kulipa chochote. Walimu wengi huutoa bila shida, na jarida la *Feminist Africa*, lililoanzishwa mwaka 2002 likitokea Cape Town, linapatikana bure mtandaoni kwa anayetaka kuonja mjadala kabla ya kujisajili.

Hata hivyo, kipimo kikubwa cha programu ni mbinu za utafiti inazofundisha. Nadharia mtu anaweza kujisomea baadaye. Mbinu huhitaji mwalimu, mazoezi na kusahihishwa. Tena ni mbinu, si nadharia, ambayo mwajiri huigundua katika wiki ya kwanza.

Chukua swali linaloonekana dogo la nani ahojiwe. Tafiti nyingi za kaya humhoji mkuu wa kaya, na mara nyingi huyo ni mwanamume. Majibu yake huandikwa kana kwamba nyumba nzima ina shamba moja, mfuko mmoja na nia moja. Mtafiti aliyefundwa vizuri huuliza mke na mume kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha: nani asema ng'ombe ni wake, nani asema anaweza kumuuza bila ruhusa. Majibu hayo mawili yakitofautiana, hiyo tofauti yenyewe ni takwimu. Vivyo hivyo katika matumizi ya muda. Tafiti za nguvukazi za Tanzania za mwaka 2006 na 2014 zilikuwa na sehemu inayofuatilia saa za siku, na sehemu hiyo ndiyo huwezesha kuiona kazi isiyolipwa, kuanzia kuteka maji hadi kuuguza mgonjwa. Mhitimu wa jinsia asiyeweza kufungua takwimu za aina hiyo kwenye kompyuta na kuzisoma atategemea kurasa za muhtasari zilizoandikwa na wengine.

Utafiti juu ya ukatili wa kijinsia unadai zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa usalama kwa tafiti za aina hii. Katika nyumba moja huhojiwa mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue maswali yalikuwa nini. Mahojiano hufanyika faraghani, na mtu akitokea ghafla mhojaji hubadili mada mara moja, akiwa na maswali mengine tayari, ya afya ya kawaida kwa mfano. Wahojaji hufunzwa na wao wenyewe hupewa msaada, kwa kuwa kusikia visa hivyo siku baada ya siku huumiza. Anayehojiwa huelekezwa kwenye huduma zilizopo, iwe kituo cha afya au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Programu inayomruhusu mwanafunzi kwenda uwanjani na dodoso la ukatili bila mafunzo hayo inamhatarisha mhojiwa, na hilo peke yake linatosha kuifuta kwenye orodha.

Ndipo linapokuja suala la mahali. Ndani ya kanda, Makerere ina historia ndefu zaidi na maktaba iliyokusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha jinsia na maendeleo pamoja na anthropolojia na masomo ya Afrika, na ujirani huo na wanaanthropolojia huonekana katika tasnifu zake. Chuo hichohicho kina kituo cha masomo ya wanawake wa Afrika chenye mwelekeo wa uongozi na utawala. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Egerton vina idara na taasisi zao. Ya Egerton, iliyoko Njoro, inafaa kutazamwa na mtu wa kilimo kwa kuwa chuo kizima kimekulia katika kilimo. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 60 ya wabunge wake ni wanawake, hali inayotoa maswali ya utafiti yasiyopatikana kwa urahisi kwingine: je, wingi huo umebadilisha sheria, bajeti, au maisha ya kijijini, na kwa kiasi gani? Kusini zaidi kuna Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako taasisi ya jinsia ya Afrika ilianzishwa mwaka 1996, na jirani yake Western Cape.

Ulaya ina majina yanayojulikana zaidi. Taasisi ya masomo ya maendeleo iliyoko Sussex, Uingereza, imefundisha jinsia na maendeleo kwa miongo kadhaa, na humfaa mtu mwenye uzoefu wa miradi anayetaka kuutafakari. London School of Economics ina idara kamili ya jinsia iliyotokana na taasisi ya mwaka 1993, yenye nadharia nzito. SOAS, pia London, ina faida ya wataalamu wa Afrika na Asia na ya kufundisha Kiswahili chenyewe. Taasisi ya masomo ya jamii ya The Hague, Uholanzi, hupokea wanafunzi wengi wa Afrika, kiasi kwamba darasa lenyewe ni sehemu ya mafunzo. GEMMA, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, humpitisha mwanafunzi katika vyuo viwili vya nchi mbili kwa miaka miwili. Asiyeweza kuacha kazi muda mrefu anaweza kutazama programu ya Chuo Kikuu cha Iceland iliyo chini ya mwavuli wa UNESCO. Hiyo hutoa stashahada ya uzamili kwa miezi mitano hivi, ina ufadhili kamili, na waombaji hupendekezwa na taasisi washirika katika nchi zao.

Muda una maana yake. Shahada ya Uingereza ya mwaka mmoja huokoa mshahara wa mwaka mzima, lakini tasnifu yake huandikwa katika kiangazi kimoja, na mara nyingi bila utafiti wa uwanjani. Shahada ya miaka miwili ya Afrika Mashariki humwacha mwanafunzi akusanye data zake mwenyewe. Mitego yake iko mwishoni: masomo ya darasani huisha kwa wakati, kisha tasnifu ikakaa mezani kwa msimamizi mwezi baada ya mwezi. Swali la kuwauliza wahitimu wa karibuni, kwa hiyo, si kama programu ni nzuri. Ni lini walianza na lini walivaa joho.

Siasa nayo imeingia. Oktoba 2018 serikali ya Hungary iliondoa masomo ya jinsia kwenye orodha ya shahada za uzamili zinazotambuliwa nchini humo. Mwaka 2023 bodi ya New College of Florida, Marekani, ilipiga kura kuanza kuifuta programu yake ya jinsia. Mwanafunzi wa kutoka mbali, aliyekwisha kulipa ada na viza, ndiye anayeumia zaidi programu ikifungwa, na ni busara kujua kama chuo kina ahadi ya maandishi ya kuwamalizia waliokwishaanza. Hata katika Afrika Mashariki baadhi ya mada, hasa zinazogusa mahusiano ya watu wa jinsi moja, zina mipaka ya kisheria inayomhusu mtafiti na wahojiwa wake pia.

Jina la chuo likishapimwa, bado kuna jambo lenye uzito kuliko jina hilo: msimamizi. Mwanafunzi mwenye swali kuhusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya atafaidi zaidi kwa mwalimu mmoja aliyekwisha kuketi katika mahakama hizo kuliko kwa idara kubwa isiyo na anayeijua pwani. Kazi za kuanzia zipo. Margaret Strobel aliandika mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, Susan Geiger mwaka 1997 juu ya wanawake wa chama cha TANU na Bibi Titi Mohamed, na Susan Hirsch mwaka 1998 juu ya lugha ya wake na waume mbele ya kadhi. Ni vyema kukumbuka kwamba wote watatu ni wageni waliojifunza Kiswahili ili waweze kufanya kazi hizo. Anayekijua tangu utotoni, akasikia fumbo lililomo katika jina la kanga au katika kimya cha shangazi, ana mtaji ambao ada haiununui. Sharti ni apate msimamizi anayeuthamini.

Swali la utafiti huanza kuandikwa kabla ya maombi, si baada ya kudahiliwa. Swali pana, kama wanawake na maendeleo Tanzania, halimwambii msomaji wa maombi kitu. Swali lenye mahali, kundi na mabishano humvuta. Kwa nini kanuni ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, imeshindikana kutekelezwa katika Bunge la taifa lakini ikatekelezeka katika mabunge ya kaunti? Wabunge wa viti maalumu Tanzania huuliza maswali gani bungeni yasiyoulizwa na wabunge wa majimbo? Vijana wa kiume waendesha bodaboda hujengaje uanaume wao mahali ambapo ajira haipatikani? Hili la mwisho lina fasihi yake, kuanzia kitabu cha Raewyn Connell cha mwaka 1995 kuhusu uanaume hadi kazi za Margrethe Silberschmidt juu ya wanaume wa Kisii na Dar es Salaam.

Kuhusu ajira, ukweli ni kwamba cheti cha jinsia peke yake si kazi. Wahitimu huingia katika maendeleo ya jamii halmashauri, wizara, tume za haki za binadamu, mashirika ya kiraia, vyombo vya habari, ushauri wa miradi na ualimu wa vyuo. Nafasi nyingi zinazotangazwa zinataka jinsia pamoja na kitu kingine: jinsia na maji, jinsia na kilimo, jinsia na fedha za umma, jinsia na ufuatiliaji wa miradi. Anayejua kuandaa au kuchambua bajeti yenye mrengo wa kijinsia, kazi ambayo TGNP imeisukuma nchini Tanzania tangu miaka ya 1990, hapati shida kubwa kujieleza mbele ya mwajiri. Kwa hiyo muuguzi, mhasibu, mwanasheria au bwana shamba anayekuja na taaluma yake ya kwanza ana nafasi nzuri kuliko aliyetoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza ya jinsia. Huyu wa pili angefaa kutafuta programu yenye kozi za takwimu au uchumi, hata kama hazimpendezi.

Soko hilo pia hutegemea wafadhili kupita kiasi. Serikali ya Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, miradi mingi ya afya na jinsia ya kanda hii ilisimama na wafanyakazi wake wakarudi nyumbani. Ajira ya serikali hulipa kidogo na ni ngumu kuipata, ila haifungwi kwa tangazo la siku moja kutoka Washington.

Fedha za masomo hupatikana kwa njia chache zinazojulikana. DAAD ya Ujerumani hufadhili uzamili na uzamivu ndani ya vyuo kadhaa vya Afrika. Chevening ya Uingereza hulipia mwaka mmoja, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Zipo pia za Jumuiya ya Madola na za Erasmus Mundus. Maombi mengi hufungwa karibu mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, jambo linalowakosesha nafasi waombaji wengi wenye sifa kuliko upungufu wa alama.

Kabla ya kutia saini, uthibitisho wa chuo hutafutwa kwa mamlaka za nchi: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa Tanzania, na tume ya elimu ya vyuo vikuu kwa Kenya. Shahada ya masafa kutoka nje ihakikishwe mapema, maana waajiri wa umma hawazipokei zote. Naye anayesoma ng'ambo akitaka kurudi kufanya utafiti nyumbani, ahesabu muda wa vibali. Tanzania Bara hutoa kibali kupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Kenya kupitia tume yake, NACOSTI, na Uganda kupitia baraza lake la sayansi, juu ya kibali cha maadili kutoka chuoni. Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali kikishapatikana mjini, mtafiti wa mwani bado huanzia kwa sheha wa kijiji.